Bibi Amempa Mgeni Ndege Wangu

Jumamosi. Hapa Kitendaguro mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko mawingu.

Nimerudi kutoka Muleba kwa bibi nikiwa mwongo rasmi.

Wiki iliyopita nilishuka naye bondeni kukata nyasi za kutandaza sebuleni, maana kwake mgeni hakanyagi sakafu tupu. Kwenye mafunjo tukamkuta domokiatu, yule ndege adimu, kasimama kama mlinzi wa benki: wa kijivu, mdomo mpana kama kiatu cha askari. Simu yangu haikuwa na chaji. Haya, cheka. Lakini nani alimtambua kwa jina? Mimi, niliyeishia kidato cha pili. Na nani aliwapigia simu watu wa kuhifadhi ndege? Mimi tena. Pale kijijini wananiona mtu wa maneno mengi, na safari hii nilikuwa na ndege wa kweli.

Jana wakamleta mtaalamu wa kuhakiki. Kijana mpole, darubini shingoni. Nikaeleza vizuri tu. Labda kimo cha ndege nilikivuta kidogo. Akasema shahidi mmoja hatoshi, akamgeukia bibi.

Sasa kwa bibi yangu, mgeni akishaketi kwenye nyasi mpya na kuwekewa senene, wale panzi wa kukaanga, hapingwi. Jamaa akauliza, ndege alikuwa wa kijivu? Ndiyo waitu, akajibu bibi kwa heshima zote za Kihaya. Au mweupeupe? Ndiyo waitu. Mdomo mwembamba? Hata huo bibi akaukubali.

Nikakohoa. Nikamkonyeza. Nikamkanyaga mguu.

"Kwa hiyo bibi, yawezekana mlimwona korongo wa kawaida?"

"Eeh waitu, korongo," akasema bibi, akamwongezea senene.

Jamaa akafunga begi. Taarifa imekataliwa. Hadi jioni kila niliyepishana naye ananiulizia hali ya korongo wangu.

Nilipomlalamikia bibi, alinishangaa kweli.

"Nilimwona. Domo lile nitalisahau? Lakini mtu katoka mbali, anakula kwangu, nimwambie amekosea?"

Hasira haijaniisha hata robo.

Ila dawa nimeipata. Jumatatu nampigia yule jamaa arudi, na sebuleni haingii. Nampeleka moja kwa moja migombani, amkute bibi kashika jembe. Huko hakuna nyasi mpya wala senene, na huko bibi humbishia hata padre.