Jina Nililolibadilisha Chini ya Ngazi

Nonna,

Nimemwambia mwanao ukweli. Nalitanguliza hilo, maana unanijua: nikianza na salamu za nyumbani, mvua na bei ya nazi, nitazunguka mpaka karatasi iishe na jambo lenyewe halijaguswa. Nimemwambia jana kwa simu, nikiwa nimeketi kibarazani kwetu hapa Malindi. Kiarabu changu kimeanza kushika kutu, lakini kilinitosha.

Una miezi minne kaburini. Siku habari zako zilipofika nilikuwa nikipaa samaki. Mwanao, ambaye mimi nilimwita baba kama wafanyakazi wote tunavyowaita wenye nyumba, aliandika tu kwamba mama amekwenda kwa Mola wake. Nikamaliza samaki, nikanawa mikono kwa ndimu, ndipo nikaketi nikalia. Ungenisifu kwa kufuata mpango.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa na wiki tatu katika nyumba yenu ya Al-Safa, Jeddah. Hoteli niliyokuwa nikitandika vitanda Malindi ilikuwa imefungwa, wageni wametoweka, na mawakala walikuwa wakipita mitaani wakitafuta wanawake wa kwenda Saudia. Kwenye fomu yangu wakala aliandika kupika, kufua na Kiingereza kidogo. Hakuniuliza lugha nyingine. Basi mchana mmoja nasonga sima yangu, ukaingia jikoni na fimbo yako, ukachungulia sufuria, ukasema, "Polenta," jina la sima ya kwenu.

Nami nikajibu, "Ciao bella, guardare è gratis."

Mambo mrembo, kutazama ni bure. Ndiyo maneno ya Kitaliano yaliyonijia kwanza, maneno ya wauza vinyago wa ufukweni, na nilimwambia bibi wa miaka themanini, mama wa kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ulicheka mpaka ukashika meza, kisha ukavuta kiti, ukala nusu ya sima yangu kwa mchuzi wa bamia, na tangu hapo nikakuita Nonna, yaani bibi.

Kitaliano changu kilikuwa cha shuka, taulo na bei. Ukakishona upya, kipande kwa kipande. Nacho chako hakikuwa cha vitabuni, kilikuwa cha mji wenu, Treviso, kilichomeza mikia ya maneno. Ulinieleza mto unaopita mjini, mifereji inayopita chini ya nyumba, kuta zilizochorwa picha upande wa nje, na soko la samaki lililo juu ya kisiwa kidogo katikati ya maji. Nikakuambia Malindi pia tuna soko la samaki, ila halina kisiwa, lina nzi.

Na ule moto! Ulisema kwenu mwanzoni mwa Januari, usiku wa kuamkia sikukuu ya wale mamajusi, watu hukusanya kuni rundo refu, juu yake wakaweka kikongwe cha matambara, wakakiwasha moto, na mwaka wa zamani ukaondoka nacho. Cheche zikielekea magharibi, sufuria zitajaa polenta mwaka mzima. Zikielekea mashariki, chukua gunia ukatafute unga. Basi tukapanda darini baada ya sala ya magharibi na ufagio mkuukuu wa makuti ya mtende, tukauvika kitambaa cha vyombo, tukauwasha ndani ya karai. Cheche zote zikaenda mashariki. Ukakunja uso, ukaniamuru nishike sinia nipepee, nikapepea mpaka zikageuka zikaelekea magharibi, baharini, upande wa Ruwais. Ukatangaza kuwa mwaka ni mzuri. Madam, mke wa mwanao, alipopanda kuuliza moshi huu ni wa nini, ulimjibu kwa Kiarabu kwamba tunafukiza nguo.

Lakini kulikuwa na siku nyingine, tukitoa kokwa za tende, ndipo uliponiambia habari za Ines.

Katika mji wenu, tangu Alhamisi Kuu kengele za makanisa hunyamazishwa, zisilie mpaka Yesu afufuke. Badala yake watoto hupita mitaani na kitu cha mbao kinachokwaruza kwa kelele kikizungushwa, kuwaita watu kanisani. Hukujua nikiite nini, nikakipa jina kayamba, ukakubali. Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Ijumaa Kuu, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na zamu ya kuzunguka na kayamba ilikuwa yako. Kulikuwa na baridi. Ukasema tumbo linakuuma, na halikuwa linakuuma. Dada yako Ines, wa miaka kumi na mmoja, akaichukua kayamba akatoka.

King'ora kilipolia wengi hawakukimbia, maana kilikuwa kimeshalia mara nyingi bure. Safari hiyo ndege zilikuja kweli. Mama yako alisimama mlangoni akiita, Ines, torna a casa, Ines, rudi nyumbani, akaita hivyo hivyo mpaka vumbi la nyumba za jirani likamziba koo. Hawakumpata Ines, wala kayamba.

Ulisema hukumwambia marehemu mumeo, aliyekuoa huko na kukuleta Jeddah. Mwanao pia hukumwambia kamwe, na ndiyo sababu hukumfundisha Kitaliano. Ulisema lugha ile ina watu ndani yake. Nikakuuliza, mbona mimi waniambia? Ukajibu, "Kitaliano chako ni cha kuuza vinyago. Hakina mtu wangu yeyote."

Nami nikatoa la kwetu. Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya, alikuwa msichana ndege za Waitaliano zilipoidondoshea Malindi mabomu, katika vita vile vile. Walikimbilia mikoroshoni wakiacha chungu jikoni. Hata uzeeni, akiwaona watalii wenu, alikuwa akisema, "Zamani walitutupia mabomu, sasa wanatutupia peremende." Nilikusimulia nikitabasamu, lakini wewe hukutabasamu. Kesho yake ukaniuliza jina la hawe, nikakuambia Sidi. Tangu siku hiyo, nikikuletea maji ya udhu na kungoja umalize, nilikuwa nikisikia Sidi katika dua zako, peke yake katikati ya Kiarabu. Nilikupenda tangu hapo, Nonna. Sikuwahi kukuambia.

Sasa nifike penyewe.

Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili, na mwaka wa tatu ukaingia. Ikama, kibali changu cha kuishi kule, ilifanywa upya bila mimi kuulizwa, pasipoti ilikuwa kabatini kwa madam, na kila nilipoomba kurudi nilijibiwa bukra, inshallah, kesho Mungu akipenda. Kisha kiharusi kikakupiga, kikakunyang'anya mkono mmoja na Kiarabu chote. Ulibaki na lugha ya Treviso tu, na katika nyumba nzima mimi ndiye niliyeielewa. Ukitaka maji, ni mimi. Ukisikia baridi, ni mimi. Madam akaniambia waziwazi kwamba hakuna kuondoka, "Kadzo, safari mafi. Mama atasemewa na nani?" Kile Kitaliano ulichonishonea ndicho kikawa kufuli yangu. Na huku nyumbani binti yangu Mapenzi, niliyemwacha kwa mama akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, alikuwa ameanza kuniita anti kwenye simu.

Kazi ya baba ilipohamia Riyadh, tukahama naye sote. Alasiri ile nilikuwa nakata bamia. Kishindo kikapasuka angani, vioo vikatetemeka, na magari yote ya mtaani yakaanza kulia. Baadaye tuliambiwa ni kombora lililotunguliwa juu ya mji. Wakati ule hatukujua lolote. Madam alikimbilia dirishani na simu yake apige picha, watoto nyuma yake. Na wewe, uliyekuwa umesinzia kwenye kiti cha magurudumu, ukapiga mkono wa kiti kwa ngumi ukaanza kuamuru. Watoke dirishani. Wafungue vioo visiwapasukie. Wajaze maji ndoo. Wote chini ya ngazi, na midomo iwe wazi, kishindo kisipasue masikio.

Nikazipokea amri zako nikazigeuza Kiarabu kwa sauti kubwa kama yako, yalla, yalla, na watu wakatii. Madam aliburutwa na yaya wake, yaani mimi, mpaka chini ya ngazi. Baba, bosi mzima, alijaza ndoo mbili. Nisikufiche, katika miaka yote ya Saudia sikuwahi kufurahia kazi kama dakika zile tano.

Tukabanana pale kati ya mabegi ya safari. Ukafumba macho, ukaanza. Ines, torna a casa. Ines, torna a casa. Baba akauliza, "Mama anasema nini?"

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Nikasema, "Anasema, Kadzo arudi nyumbani."

Akanikazia macho. Nikamrudia, taratibu, kama mwalimu: torna a casa maana yake rudi nyumbani. Hapo sikudanganya. Nilitoa jina moja tu, nikaweka langu. Wewe ulifumbua macho ukanitazama kwa muda mrefu. Daktari alisema Kiarabu kimetoka kinywani mwako, hakusema kama kimetoka na masikioni, kwa hiyo mpaka leo sijui ulisikia nini.

Mwanao ni mtu wa kumheshimu mama yake. Haukuisha mwezi, karatasi ya kutoka ikawa tayari, akasema, "Halas, basi, Kadzo, mama ameamua." Asubuhi ya kuondoka nilikusuka nywele. Nilimwachia mjukuu wako mkubwa karatasi kwenye mlango wa friji, maneno kumi na mawili ya Kitaliano chako na maana zake: maji, baridi, choo, mto, inauma, na mengineyo. Ulinishika kidole gumba ukakataa kukiachia mpaka dereva akapiga honi mara ya pili. Ningeweza kukuambia wakati ule nilichofanya chini ya ngazi. Nilisema tu kwaheri, nikajifanya natafuta mkoba.

Wiki iliyopita baba alinitumia sauti yako. Alikuwa ameirekodi siku zako za mwisho. Nilijua ni nini kabla sijaifungua, na bado niliifungua. Sauti imekuwa nyembamba, lakini ni wewe: Ines, torna a casa. Chini yake baba akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Kadzo, alisema hivi siku tatu. Haya ni yale maneno ya chini ya ngazi, nayakumbuka. Lakini wewe ulikuwa umesharudi kwenu. Alitaka nini tena? Na ines maana yake nini?"

Alidhani Ines ni neno, Nonna. Kama tafadhali.

Ningeweza kumwambia ndivyo. Ines ni tafadhali, aliniombea safari njema, mambo yakaisha. Nilizunguka na wazo hilo siku sita, nikifua nguo zilizo safi. Mwanao alikaa kando ya kitanda siku tatu akisikiliza mama yake akimwita mtu, na hakujua ni mtu. Hilo nililifanya mimi. Kwa kurudi nyumbani sikuombi msamaha. Mkataba wangu ulikwisha, na mwanangu sasa ananiita mama. Naomba msamaha kwa kumtoa Ines mahali ulipomweka, kwenye lugha pekee uliyobakiwa nayo.

Kwa hiyo jana nikapiga simu nikamwambia. Kwanza la kwangu: kwamba chini ya ngazi hukunitaja. Kisha akasema, "Ungeniomba tu, Kadzo." Nikamwambia, "Niliomba, baba. Niliomba sana." Akasema, "Kweli."

Halafu akauliza, "Ines ni nani?"

Nikamweleza. Akauliza alikuwa na umri gani, nikamwambia kumi na mmoja. Akasema polepole, "Basi nina khala." Kwa Kiarabu dada wa mama ni khala tu, awe mkubwa au mdogo kwake. Nikamwambia kwetu dada mkubwa wa mama huitwa mama mkubwa. Akaniomba niseme kwa Kiswahili, akarudia. Mama mkubwa, wa miaka kumi na mmoja. Nilimsikia akilia, nami sikumkatiza.

Kisha akauliza nililokuwa nikiliogopa: kwa nini Ines alikuwa nje na wewe uko ndani. Lile la tumbo uliniambia mimi peke yangu, na ulilibeba tangu utotoni ukahama nalo nchi. Lakini nilikuwa nimeshambadilishia mwanao maneno mara moja, sikutaka tena. Nikamwambia: zamu ilikuwa ya mama yako, akajisingizia tumbo.

Unajua alijibu nini? Alisema, "Alikuwa mtoto wa miaka tisa, na kulikuwa na baridi." Basi. Akaendelea kuniuliza kama Ines alikuwa na nywele za mawimbi kama binti yake. Jambo ulilomficha maisha yako yote, Nonna, alilisamehe kabla chai yangu haijapoa.

Tumekubaliana atapiga kila Ijumaa, aweke simu katikati ya meza, watoto wasikilize. Nakuahidi nitasema ulivyosema wewe. Nisipolijua neno nitasema silijui. Ijumaa hii nitawasimulia jinsi Ines alivyokuwa akiruka ukuta kuiba tini za jirani, na majina nitayataja yote mawili: mwizi mmoja alikuwa Ines, na aliyeshika kikapu chini ulikuwa wewe.

Buriani, Nonna wangu. Pumzika.

Kadzo