Kipimo cha Kwapa

Ndugu yangu, leo nimeumbuka! Nimetoka kwa fundi cherehani, kupimwa suti ya harusi.

Unanijua mimi na mavazi. Nimeingia na kitambaa cha bei mbaya, najidai kwelikweli.

Fundi anapima huku akitaja, mkewe anaandika. "Kifua arobaini. Kiuno thelathini na sita. Inua mkono."

Nikainua. Fundi akarudi nyuma hatua mbili!

"Mama watoto, hapo kwenye kwapa andika: aoge kwanza."

AOGE KWANZA! Na mama wa watu, bila hata kucheka, akaandika.

Nikajitetea eti nimetoka mazoezini. Fundi akauliza, "Tangu Jumatatu?"

Sasa karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini kwenye kitambaa changu, na kesho anayekwenda kuchagua vifungo ni shemeji yako, bibi harusi mwenyewe.