Gramu Sitini za Majani

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila kuna neno limenikaa kooni.

Mama, ile kazi ya ofisini niliyokuambia haipo. Mwaka wa pili huu napika katika jiko la hospitali. Ulisema umeungua mikono miaka thelathini katika jiko la shule ili mimi nisishike mwiko, nikakosa uso wa kukuambia ukweli.

Sasa maji yamenifika shingoni. Mizani yetu imeharibika, na mpya itakuja mwezi ujao. Karatasi ya mapishi inataka kila mgonjwa apate gramu sitini za majani ya saladi. Jana nilichota kwa kikombe nikashindilia. Wa kwanza wakapata mlima, wa mwisho wakapata bakuli tupu. Mpishi mkuu akaniambia, "Ukirudia, utarudi kuosha masufuria." Kikombe kimoja ni gramu ngapi, Mama? Sina mwingine wa kumuuliza.

Mwanao

12 Machi

Nimeazima mizani ya jirani muuza duka. Nimetumia kikombe cha robo lita.

Majani ya saladi yaliyochanwa, bila kushindilia: gramu thelathini na tano hivi. Ukishindilia, karibu mara mbili. Ndiyo maana yaliwaishia. Spinachi changa: thelathini. Kabichi iliyokatwa nyembamba: inapita sabini, kwa hiyo usipime kila jani kwa kipimo kimoja.

Kausha kwanza, maji nayo yana uzito. Kwa gramu sitini za saladi, vikombe viwili, cha pili kisijae. Tikisa mara moja, basi.

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako haikuwa na salamu. Niliigeuza nyuma nikidhani umeandika huko.

Vipimo vimekubali. Wagonjwa themanini na wawili, na bakuli la mwisho lilitoka sawa na la kwanza. Mpishi mkuu aliuliza nimesomea chuo gani. Nikasema, "Kwa mama." Kisha nikatoka nje, nikalia kando ya mapipa ya taka.

Nisamehe kwa uongo. Kwa kupika siombi msamaha, Mama. Naipenda kazi hii.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, tumeshazoeana. Je, unalala vya kutosha? Unakula?

Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu hasira ilitangulia, na ilipokwisha ikaja aibu. Uongo wako uliniuma, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba mwanangu aliniogopa mimi.

Siku ile ya mizani nilipima na kupima tena hadi muuza duka akacheka: "Bibi, unafungua mgahawa?" Nikamjibu, "Binti yangu ni mpishi." Lilinitoka lenyewe. Nikalirudia nikiwa peke yangu njiani, na likanoga.

Nitakuja Jumamosi hii, basi la asubuhi. Usinitafutie aproni. Miaka yote ile niliwapakulia watoto wa watu, nami nikila mwisho, nimesimama, ukoko wa chini ya sufuria. Safari hii nataka kuketi kwenye kiti, mikono mapajani, na wewe unipakulie wa kwanza.

Mama yako