Kukataa Chakula kwa Kichina

Jumanne, Kashai. Mvua ilianza kabla sijanywa chai, na bado haijakata. Nina furaha na aibu kwa pamoja.

Nimeiweza "hen hao chi", yaani kitamu sana. Nimeiweza "xiexie", asante. Hata "bu yao la", sitaki pilipili, inatoka vizuri. Kilichonishinda ni "bu yao" peke yake.

Sitaki.

Baada ya wiki tatu nitakuwa Guangzhou, mezani kwa mama yake Mei, mke wa mwanangu. Mimi na mama huyo hatujawahi kuonana. Nina sukari, na daktari amesema wali uwe kidogo, pombe hapana kabisa. Kwa hiyo lazima nijue kukataa.

Anayenifundisha ni jirani yangu Zulfa, ambaye huenda huko kufuata mzigo wa mikoba. Leo alikuja na bakuli la karanga, akajifanya ndiye mama yake Mei. Alilisukuma kwangu, nikachota. Akalisukuma tena, nikachota.

"Mzee, hiyo ya nne! Sema bu yao."

"Nimesema moyoni."

"Moyoni nani anakusikia? Watakujazia mpaka turudishiwe wewe hapa Kashai kwa machela!"

Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Lakini mimi nimelelewa Muleba. Kwetu mgeni akiletewa ndizi, huonja hata kama ameshiba. Kahawa ya kutafuna nayo huchukua japo punje mbili. Akikataa, mwenye nyumba atalala akijiuliza amekosea wapi.

Nakiri jambo jingine. Mwanangu angeweza kunitafsiria, lakini sikutaka. Nilikaa ugenini miaka thelathini na minane, mingi yake Lusaka, na katika maneno yote mazuri niliyoambiwa huko, ninalolikumbuka ni salamu ya mama mwenye nyumba wangu. Alinisalimia kwa Kihaya, lugha ya kwetu, vibaya kabisa, ameshika bakuli la mchuzi. Ningependa mama yake Mei apate kitu kama hicho kutoka kwangu.

Jioni nilimpigia Mei, nikamweleza yote.

"Baba, usiseme bu yao. Sema wo chi bao le, nimeshiba. Mama atafurahi."

Nikashusha pumzi. Kumbe njia ilikuwepo.

"Lakini Baba," akaendelea, nikamsikia anazuia kicheko, "na yeye anajifunza Kiswahili, kwa ajili yako."

"Amefika wapi?"

"Neno moja tu. Analisema kutwa nzima jikoni. Ongeza."

Nimeandika "wo chi bao le" ukurasa mzima wa daftari. Nimeamua hivi: nitaanza na chakula kidogo sana, ili "ongeza" yake ya kwanza niweze kuipokea kwa mikono miwili. Ya pili nitamjibu kwamba nimeshiba, kwa Kichina changu mwenyewe.

Akiisema mara ya tatu, je?