Jina la Nne Halikuingia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba, kabla hujasoma zaidi, hakikisha uko peke yako, na ukimaliza usimsimulie mtu, hata shemeji. Nikijulikana, kazi sina.

Unakumbuka ulivyonifundisha programu nyumbani Nyaishozi, kompyuta ya kuazima ikiwa juu ya gunia la maharage? Nilikwama kwenye fanksheni, kile kipande cha programu kinachopokea majina, nikakuuliza itajuaje mapema inaletewa majina mangapi. Ukanionyesha baba, akiwapitishia wageni kikapu cha kahawa ya kutafuna. "Umemsikia akiuliza wako wangapi? Weka nukta tatu mbele ya jina, itapokea wote waliokuja." Baba akageuka: "Nyie wawili, kikapu changu kimeingiaje humo?"

Sasa mimi ni karani wa chama cha wakulima hapa Nkwenda. Tunaandikisha warithi wa mashamba kwenye tovuti. Juzi alikuja mama mmoja wa Songambele. "Mwanangu, mbona mabinti zangu hawamo?" Nilikuwa nimewaandika mwenyewe, na skrini ikasema imepokelewa. Nikafungua programu. Fanksheni inayopokea warithi imepewa nafasi tatu tu. Jina la nne na yanayofuata yanaachwa nje, bila onyo lolote. Na kwetu, unajua, wavulana hutajwa kwanza.

Nikajaribu majina yetu, kwa mpangilio ambao baba angeyataja. Kaka wawili wakaingia, nami nikaingia. Wewe hukuwemo. Nilikaa nikiitazama skrini ile mpaka chai ikapoa.

Nilimweleza mkuu wangu. "Umeajiriwa kuingiza majina, kijana. Mfumo una wenyewe." Ijumaa orodha inafungwa, vyeti vichapwe. Fundi aliyeondoka aliniachia nywila. Ni kuongeza nukta tatu, kisha kuwaingiza upya walioachwa, fomu zao ninazo. Lakini kila mlango ukilia nafunga kompyuta. Usingizi wenyewe siupati. Najiuliza pia, kama ningekuwa wa nne, ningesubiri ruhusa ya nani?

Usinipigie ofisini, mkuu hukaa meza ya jirani. Tuma ujumbe kwa simu ya mama mwenye nyumba wangu, namba yake unayo. Yeye hasomi ujumbe, hunipa mimi nimsomee jioni. Usiandike jina lako wala langu. Ukiona nisubiri, msalimie tu. Ukiona nifanye, weka nukta tatu, basi.

Mdogo wako,
wa tatu kwenye orodha