Taya la Punda

Kansay, Jumanne usiku, Juni 1963

Mikono nimeisugua kwa sabuni na bado inanuka. Ni lile taya la punda lililofungwa kamba. Mtoto akikamatwa anazungumza Kimbulu, lugha ya kwao, huvishwa shingoni mpaka naye amkamate mwenzake. Kumvisha ni kazi yangu. "Wewe umetoka Unguja, Kiswahili ni chenu," Mwalimu Mkuu aliniambia, kama vile ananipa heshima.

Leo alikuwa nalo Paskalina wa darasa la tatu. Asubuhi, watoto wakiwa mstarini, mama yake Mwalimu Mkuu akapita kando ya uwanja na kuni mgongoni. Mwalimu akamwamkia kwa Kimbulu, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kumsikia nayo. Shule nzima ikasikia.

Paskalina akalivua taya, akamwendea Mwalimu, akampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Sasa ni zamu yako."

Hakucheka mtu. Mwalimu akamchapa fimbo nne mbele ya yule bibi, kisha akanigeukia.

"Mwalimu Zuwena, mvishe."

Nikamvisha. Kamba ilinasa kwenye kola ya gauni lake, nikainasua taratibu, ati huo ndio wema wangu. Kinyaa hiki si cha punda.

Na mimi ndiye niliyejitolea kuvuka bahari kuja kufundisha. Kesho nitamtazama vipi yule mtoto, sijui...

Kila siku Mwalimu Mkuu hunisifu mbele ya watoto kwa Kiswahili changu. Leo sikupata hata neno moja la kumtetea Paskalina.