Dakika Tano kwa Ajili ya Jina

Karpathos, 3 Septemba 1996

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Presha yaendeleaje, na goti? Sisi wazima, mtoto ananyonya na kulala, Mungu ashukuriwe.

Ubatizo ni Jumapili tarehe 15. Sikufichi, Mama: mama mkwe anasema waziwazi, "Bibi asiyefika kanisani, na jina lake lisifike. Ataitwa Sevasti, kama mimi." Mume wangu ameufyata. Lakini binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mamaye. Hiyo ni haki yako! Usitegemee meli. Panda ndege. Toka Kasos hadi hapa hazifiki kilomita ishirini na tano, dakika tano tu angani.

Mwanao,
Kalliopi

Kasos, 7 Septemba 1996

Kalliopi wangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Goti linanung'unika, lakini kanisani linanifikisha.

Ndege? Ukoo wetu wote mabaharia, leo mimi niingie kwenye lile debe lenye mabawa? Kasisi ananicheka: "Marigo, Nabii Eliya alipaa kwa gari la moto, wewe waogopa la mafuta?" Acha acheke. Nakuja na meli ya Ijumaa. Mwambie mkwe mwenzangu asianze kudarizi jina lake kwenye nguo za mtoto.

Mama yako

Kasos, 18 Septemba 1996

Binti yangu,

Hujambo? Mjukuu wangu je? Mimi leo sijui hata goti liko mguu gani.

Juzi kwa zile shangwe hatukuzungumza, na wewe ulikuwa nje ya kanisa ukisubiri, kama ilivyo desturi ya mama mzazi. Basi nakusimulia.

Ijumaa upepo ulichafuka, meli ikapita mbele ya bandari yetu bila kutia nanga. Nililia. Jumapili asubuhi nikapiga ishara ya msalaba, nikapanda ndege. Nilikusudia kusali sala yote ya Mama wa Mungu, macho nimefumba. Sijafika hata nusu, magurudumu yakagonga chini. Nikamwuliza rubani, "Mwanangu, mbona tumerudi?"

Akacheka. "Hatujarudi, mama. Umefika."

Nikaingia kanisani kasisi akiuliza, "Mtoto anaitwa nani?" Mama wa ubatizo, ambaye ndiye hulitamka jina, alikuwa ameshamgeukia mkwe mwenzangu. Nikapaza sauti toka mlangoni: "Bibi yake amefika!"

Kanisa zima likageuka. Sevasti akaninong'oneza, "Kumbe umepanda!"

"Nimepanda, mkwe mwenzangu. Hebu sogea nisimame."

Akasogea. Na jina likatamkwa: Marigo! Watoto walipotoka mbio kukuletea habari, mimi nilikuwa nimepiga magoti, nalowa machozi utadhani ndimi niliyezamishwa majini.

Nimeshakata tiketi nyingine, ya Jumamosi ijayo. Ya ndege! Nijibu upesi, uniambie Marigo wetu analalaje.

Bibi yake, mama yako